Maua ya Jumamosi, njooni na ndoo

Jamani habari za jioni, Jumamosi saa kumi jioni tupo palepale Kisasa kujifunza kupanga maua, kila mtu aje na ndoo ndogo na kisu kikali au mkasi unaokata kweli, maana mkasi butu unabana shina na maji hayapandi vizuri. Waridi nunueni asubuhi, yale ambayo bado yamefumba kidogo, na msitembee nayo mkononi juani, kwa jua letu hili la Dodoma na upepo mkavu yananyauka kabla hujafika, yawekeni kwenye maji hapohapo. Tukikutana tunakata shina kwa mshazari kama sm 2 hivi, majani yatakayozama tunayatoa yote, yakioza ndo maji yananuka na ua linakufa mapema. Vesi sio lazima, jagi linatosha. Wanaoanza waanze na matano tu, marefu katikati mafupi pembeni, mi naona yanapendeza kuliko kujaza. Nyumbani msiyaweke karibu na ndizi zinazoiva, ile gesi ya matunda inayazeesha haraka, na maji badilisheni kila baada ya siku mbili. Asiyekuja anijulishe inboksi kabla ya Ijumaa tafadhali, nipange viti.