Amerikani ya Lowell na belo la dada

Lowell, Massachusetts
Jumapili usiku

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu umepungua kuvimba. Mimi sijambo, watoto hawajambo, baridi imeingia na barafu imeanza kushika kingo za mto.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya wiki iliyopita ilituharibikia. Dada analia, wewe umenyamaza, nami katikati nikakosa neno la maana. Kwenye barua naweza kufika mwisho wa ninachotaka kusema. Mjukuu wako akusomee, na dada awepo, maana ni yake pia.

Nimewasikia wote wawili. Dada anauza mitumba soko la Mlango Mmoja, hapo Mwanza, mwaka wa kumi na moja sasa, akichukua nguo kwa wenye mabelo, na anataka mkopo ili afungue belo lake mwenyewe. Wewe umesema pesa ya mwanao haitanunua mitumba, kwa sababu mitumba ndiyo iliyokutoa kazini kwenye kiwanda cha nguo. Mama, kauli ile imenikaa kifuani, kwa sababu kuna jambo sijawahi kukueleza sawasawa. Nilikuambia nafanya kazi ghalani, ukaridhika, nami nikaacha hivyo. Ghala lenyewe ni la nguo. Mabelo yanayofika Mwanza yanafungwa kwenye maghala kama hili ninaloingia kila usiku saa nne.

Nguo zinaletwa na malori kutoka kwenye masanduku ya chuma yaliyowekwa nje ya makanisa na maduka. Watu wanaziweka humo kwa moyo mweupe, wakijua zinakwenda kumvika maskini. Zinamwagwa kwenye mkanda unaotembea, nasi tumesimama pande mbili: akina mama wa Kikambodia, Wadominika, kaka mmoja wa Bukavu, na mimi. Kila nguo ina sekunde chache tu. Unaishika, unaigeuza, unatazama kola na kwapa, unaitupa kwenye pipa lake. Nzuri kabisa hazivuki bahari, zinarudi kuuzwa madukani hapahapa. Zinazofuata zinapangwa kwa daraja na kwa nchi. Zilizochanika sana zinakatwa matambara ya kufutia mashine. Zinazobaki zinabanwa na mashine ya kugandamiza, zinafungwa mikanda, kilo 45 belo moja. Na hakuna aliyepewa bure huko mwisho wa safari. Kila hatua mtu amenunua na mtu ameuza, hadi dada anapomwaga nguo juu ya turubai.

Tangu tarehe 1 Novemba 2022, jimbo hili limepiga marufuku kutupa nguo kwenye taka za kawaida, isipokuwa zilizooza au kuchafuka vibaya. Ni sheria nzuri kwa mji huu. Lakini nguo isiyoruhusiwa kufa hapa lazima ikafie mahali pengine, na mimi naona inavyoelekea. Nilipoanza kazi hii miaka minane iliyopita mkono wangu ulikuwa unakutana na pamba, jinzi nzito, makoti ya sufi. Siku hizi napitisha poliesta, poliesta, poliesta. Nguo imevaliwa mara tatu na mshono umeshaachia. Poliesta ni plastiki, mama, haiozi. Asichouza dada leo kinachomwa, au kinaingia Mto Mirongo na mvua ya kwanza, na Mirongo inaingia ziwani. Bibi alikuwa akiiita mitumba kafa Ulaya, yaani nguo za mtu aliyekufa huko, na sisi tulidhani ni utani wa wazee.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Mji huu ulijengwa kwa nguo. Kabla ya miaka ya 1820 palikuwa mashamba na maporomoko ya Mto Merrimack. Matajiri wa Boston wakachimba mifereji, maji yakazungusha magurudumu, magurudumu yakazungusha mitambo, na mabinti wa wakulima wakaletwa kuisimamia tangu alfajiri hadi usiku. Kiwanda kimoja, Boott, sasa ni makumbusho. Nilikwenda na watoto mwezi uliopita. Chini wamebakiza ukumbi wa kufumia na mitambo bado inazunguka. Ukiingia unapewa vizibo vya masikio. Mama, sakafu inatetemeka hadi kwenye meno. Nikakukumbuka ukirudi zamu ya usiku, pamba imekuganda kwenye nyusi, unatusemesha kwa sauti kubwa kana kwamba tuko ng'ambo ya barabara. Tulidhani umekasirika. Nimefika utu uzima, tena bara jingine, ndipo nikajua kwamba ulikuwa hutusikii.

Unaikumbuka amerikani ya bibi, ile nguo nzito nyeupe isiyopaushwa aliyodarizi maua kuwa vitambaa vya makochi? Jina lile lilitoka huku. Mwaka 1833 Seyyid Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Marekani ikaweka konseli wake wa kwanza kule, mfanyabiashara wa Salem, mji ulio mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa ninapokaa. Majahazi ya Salem yalipeleka nguo za viwanda vya Massachusetts, yakarudi na sandarusi ya kutengenezea vanishi na pembe za ndovu, ambazo ziliishia kuwa vibao vya piano huko Connecticut. Kutoka pwani nguo ile ilipanda bara mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, watu wa kwetu, nao walilipwa kwa nguo ileile. Shuka mikono minne, doti mikono minane. Hadi leo ukinunua kanga unasema doti.

Na pamba ya amerikani ilitoka wapi? Ililimwa kusini mwa nchi hii na watumwa, watoto wa Afrika. Ikafumwa hapa, ikavuka bahari, na kwetu ikanunua pembe, na mara nyingine ikanunua watu. Nilisimama mbele ya maelezo ya ukutani nikashindwa kumweleza binti yangu kwa nini nimenyamaza.

Mabwana wa huku walipopigana wao kwa wao, 1861 hadi 1865, pamba ikakauka viwandani na amerikani ikaadimika Zanzibar. Waingereza wakaingia na nguo zao, kisha viwanda vya Bombay vikashika soko. Watu kama Wafipa, waliokuwa wakisokota na kufuma pamba yao wenyewe, hawakuweza kushindana na vitambaa vya mashine. Kwa hiyo hili la nguo kutoka mbali kumkalisha fundi wa karibu halikuanza na dada. Lilianza kabla bibi wa bibi hajazaliwa.

Ndiyo maana nakuomba, mama, usilibebeshe belo la dada lawama zote. Najua ulivyotoka kiwandani. Najua mlivyosimama getini mkingoja mafao, na jinsi ulivyouza cherehani ili mimi niende kidato cha kwanza. Sijasahau. Lakini kumbuka pia ulichotuambia mwenyewe: umeme ulikuwa unakatika katikati ya zamu, vipuri havipatikani, mashine zimechoka, vitenge vya magendo vimejaa mjini kwa bei ambayo nyinyi hamkuweza hata kununulia uzi. Kumbuka miaka ya ugawaji, watu wakipanga foleni ya kanga na kurudi mikono mitupu. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, watu waliipokea mitumba kama mvua, na bibi akiwamo, pamoja na jina lake lile la kafa Ulaya. Mitumba ilichangia, siwezi kukataa, kwa sababu shati lililokwisha kuvaliwa halina gharama ya kulima wala kusokota wala kufuma, na hakuna kiwanda duniani kinachoweza kushindana na bei hiyo. Ila ilikuta nyumba imeshaanza kuvuja.

Na babu je, kule Maswa? Mwaka 2001 bei ya pamba ilipoanguka aliapa kwamba karani wa mizani anamwibia. Huenda alimwibia. Lakini bei yenyewe ilikuwa imeanguka New York kabla haijafika kwenye mizani ile. Wakati huo serikali ya hapa ilikuwa inawapa wakulima wake wa pamba mabilioni ya dola ya ruzuku, wakazidisha pamba sokoni hata bei ilipokuwa mbaya. Brazil iliishtaki Marekani kwenye Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002, ikashinda, na mwaka 2014 wakamalizana kwa Marekani kuilipa dola milioni 300. Babu alikuwa ameshafariki. Aliondoka akiamini aliyempunja ni yule kijana wa mizani.

Mwaka 2016 mlifurahi, wewe na wenzako wa zamani. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vipumue. Dada alinipigia usiku wa manane, hajui atalisha nini watoto. Kilichofuata nilikiona kutoka upande wa huku. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kililalamika serikalini kwamba ajira elfu 40 za hapa zingekuwa hatarini. Mwaka 2017 Marekani ikaanza kupitia upya kama nchi zetu zinastahili kubaki kwenye AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa zetu nyingi kuingia hapa bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma mapema, kwa kuwa viwanda vyake vya kushona vilikuwa vikiishi kwa soko hili. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda peke yake ilishikilia, ikiwa imeshapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2 na nusu, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha ule.

Nilikuwa kwenye mkanda usiku niliposikia habari hizo. Ajira elfu 40, Mama, na mojawapo ilikuwa yangu. Yaani mshahara niliokutumia mwezi ule wa dawa ulisimama juu ya nchi yetu kurudi nyuma. Sijui kama umewahi kulifikiria hilo. Mimi nalifikiria kila nikipitia kola ya shati. Mtu mmoja tu, mwanao, ananufaika na jambo lilelile linalomlisha dada na lililokunyima wewe kazi.

Linaloniuma zaidi ni hapo katikati. Pamba ya Maswa na Bariadi inachambuliwa mbegu, kisha sehemu kubwa inapakiwa melini ikiwa nyuzi ghafi kwenda Asia. Huko inasokotwa, inafumwa, inatiwa rangi, inashonwa, inauzwa Boston, inavaliwa, inafika mkononi mwangu, inafika Mlango Mmoja. Tunalima mwanzo na tunavaa mwisho. Kazi zote zenye mshahara ziko katikati, na ile iliyokuwa yako ilikuwa mojawapo. Mtu akiniambia ndivyo dunia ilivyo, nitampeleka Boott nimwonyeshe kwamba hata hawa walipoanza walikuwa wakulima, na serikali yao ililinda viwanda vyao kwa ushuru mkali kwa miaka mingi kabla hawajaanza kuwahubiria wengine kufungua milango.

Basi, ya pesa. Nimeamua hivi, na mkikataa mniambie. Dada, belo zima sitakununulia. Si kwa sababu ya hasira ya mama. Nimeona kinachoingia humo, na kila mwaka kinazidi kuwa chepesi. Ukifungua belo lenye robo ya nguo zisizouzika, hasara ni yako, wala hakuna wa kumrudishia. Endelea kuchukua za kuchagua, shika pamba na jinzi, acha poliesta hata ikimeremeta. Nitatuma pesa ya cherehani mbili na mashine ya ovaloki. Shule za pale Nyakato kila Januari zinahitaji sare, na sare hainunuliwi mtumbani kirahisi kwa sababu lazima rangi zifanane. Tafuta kitambaa cha kiwanda cha nyumbani kwanza, uulize bei kwa jora. Ikiwa ni ghali kuliko cha nje, niandikie ni kwa kiasi gani. Nataka kujua namba yenyewe, maana tukijua tofauti tutajua kama tunaweza kuibeba.

Na wewe, mama, nakuomba umfundishe. Yeye hajui kutofautisha uzi kwa vidole, wewe unajua gizani. Wazazi hawatarudi kwa sare inayochakaa mwezi wa Machi.

Ndani ya kifurushi cha dawa ya mguu utakuta taulo dogo la jikoni, jeupe lenye mistari. Limefumwa pale makumbusho, kwenye mitambo ileile niliyokusimulia, na kuuzwa dukani mwao. Sikumwuliza muuzaji chochote, nilitaka nikuulize wewe. Lipitishe vidoleni, ulivute upande mmoja kama ulivyokuwa ukifanya, halafu niambie ni uzi namba ngapi, na kama nyinyi mlikuwa mkisokota bora zaidi.

Wasalimie wote. Wabeja sana kwa maombi yako.

Mwanao