Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka, Lamu

Ndugu wanachama, Assalaam aleykum. Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, nami sitaziingilia. Taarifa yangu ni ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, kwa sababu mwaka huu kazi yetu ya kuwatembelea wagonjwa imekwama hapo zaidi kuliko kwengine kokote.

Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, Kenya si jambo geni. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Lakini mitaani bado watu wanadhani ni huduma ya mtu aliyekatiwa tamaa. Sivyo. Huanza tangu ugonjwa mzito ulipojulikana, uwe saratani, figo au moyo uliochoka, na huendelea sambamba na matibabu mengine.

Kosa la kwanza katika kutumia mofini ni kungoja maumivu yaje ndipo chupa ifunguliwe. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne, kisha hupungua mwilini. Maumivu yakishapanda, kuyashusha huhitaji dawa nyingi kuliko kuyazuia. Ratiba tunayoibandika ukutani ni hii: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku, ambapo daktari huandika dozi maradufu ili mgonjwa na anayemuuguza walale hadi asubuhi. Mtu mzima huanza kwa miligramu 2.5 hadi 5. Maumivu yakichomoza katikati, hupewa dozi ya ziada kama alivyoandikiwa, na iandikwe daftarini. Kwa daftari hilo daktari huamua kupandisha. Mwenye figo mbovu huanza na kidogo zaidi na kwa nafasi ndefu, maana dawa humkusanyikia mwilini.

Kosa la pili ni kijiko. Vijiko vya jikoni havilingani, na chupa nazo hazilingani. Iko ya miligramu 1 kwa kila mililita, na iko ya miligramu 10. Aliyezoea mililita 5 za ile nyepesi, akipewa mililita 5 za ile nzito, ameshapewa miligramu 50 badala ya 5. Someni lebo kila chupa mpya iingiapo nyumbani, na mpime kwa sirinji isiyo na sindano. Mgonjwa akilala asiamshike, au akavuta pumzi chini ya mara 8 kwa dakika, msimpe tena. Pigeni simu mara moja.

Kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo hupita. Choo kufunga hakupiti. Ndiyo maana dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, huanza siku ile ile ya mofini, si baada ya wiki tumbo limeshakuwa gumu. Wengi walioiacha mofini waliikimbia kwa sababu hiyo, wakasingizia kwamba "imemshinda".

Kuhusu Ramadhani: mgonjwa ana ruhusa ya kula, lakini wazee wetu wengi hawakubali. Mazungumzo na imamu na daktari yafanywe Shaabani, si usiku wa kuandama mwezi. Vipo vidonge vya mofini vinavyofanya kazi kwa muda wa saa kumi na mbili, ambavyo daktari akikubali huweza kupangwa kwa futari na daku. Visisagwe wala kutafunwa, la sivyo dawa yote humwagika mwilini kwa mara moja.

Sasa visiwani. Anayetumia mililita 5 kwa ratiba ile, na 10 za usiku, humaliza mililita 30 kwa siku. Chupa ya 500 haifiki siku 17, na dozi za ziada huipunguza zaidi. Kwa mgonjwa wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, wakati wa upepo wa kusi bahari inapochafuka, chupa ikibaki nusu iagizwe nyengine. Boti ikikawia siku mbili na chupa ikakauka, mofini hukatika ghafla: maumivu hurudi yote, pamoja na jasho, kuhara na mahangaiko ambayo jamaa huyadhania ni ugonjwa umezidi.

Vidonda vinavyonuka huoshwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, kisha hunyunyiziwa metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu, iliyosagwa, kwa maelekezo ya muuguzi. Asiyejigeuza ageuzwe kila saa mbili, na zaidi akiwa kwenye kitanda cha kamba.

Naomba mkutano uidhinishe mambo mawili: sirinji mbili kwa kila nyumba, na daftari la dozi lichapishwe kwa herufi kubwa, kwani wauguzaji wengi wa nyumbani ni wazee na macho yao hayasomi wino mdogo wa lebo.