Zile Kurasa Mlizozitupa: Barua kwa Wanafunzi Wanaochora Dhahania

Wajukuu zangu mnaojiandaa kwa maonyesho ya shule kwa picha dhahania, zile zisizoiga umbo la kitu kama kilivyo,

Nawasalimu kwa upendo, lakini nina uchungu na sitauficha. Wiki iliyopita nilialikwa kutazama kazi zenu kabla hazijatundikwa. Turubai moja ilinisimamisha: mistari myeusi imepasua rangi ya udongo toka juu hadi chini. Nikamuuliza binti aliyeichora imetokea wapi. Akainamisha kichwa: "Ni hisia tu, babu."

Nikitoka, nikaona daftari lake la michoro kwenye pipa la taka. Kurasa zaidi ya ishirini, zote za ukuta mmoja wenye nyufa. Mwanzoni ukuta mzima na dirisha lake, kisha nyufa peke yake, kisha nyufa tatu, kisha vivuli vyake tu. Kumbe alikuwa ameambiwa aondoe uchafu, wageni waone kazi safi.

Uchafu! Mtoto ametazama ukuta wiki nzima hadi akajua apunguze nini na abakize nini, halafu mtu mzima anauita uchafu.

Nisikilizeni. Piet Mondrian wa Uholanzi hakuamka siku moja akachora miraba ya nyekundu, bluu na njano. Miaka mingi alichora miti. Katika ule mti wake mwekundu aliouanza 1908, shina na matawi unayaona waziwazi. Wa kijivu, wa 1911, matawi yamekuwa mikunjo inayofukuzana. Ukifika kwenye mtufaha wa 1912, mti wenyewe huuoni tena, ila ukikaa nao kidogo unahisi bado upo. Picasso wa Uhispania naye alichapa picha za fahali wake hatua kwa hatua kati ya Desemba 1945 na Januari 1946. Hatua hizo zipo 11: wa kwanza ana nyama na manyoya, wa mwisho ni mistari michache tu. Ukiuona ule wa mwisho bila kuwaona wenzake, utadhani ni mchezo wa dakika moja. Na Ibrahim El-Salahi wa Sudan aliurudia mara nyingi mti wa harazi, unaomea kando ya Nile, ambao hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua wakati wa kiangazi. Mti mkaidi namna hiyo ndio uliompa ile mistari yake ya wima.

Kwa hiyo msiniambie "hisia tu". Hisia ya nini? Uliipata ukitazama nini, saa ngapi, mwanga ukitokea upande gani? Usipoweza kujibu, rudi ukatazame tena. Na wale waliomwaga rangi usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi, wakaupa mmwagiko ule jina kubwa, wanajijua. Mimi pia nimewajua.

Lawama si zenu peke yenu. Sisi wakubwa tunapita mbele ya picha tukiuliza "hii ni nini?" kwa sauti ya dharau, kisha tunamsifu aliyechora uso ukafanana na picha ya simu. Tunatoa alama kwa usafi wa karatasi. Mtoto akikosea mbele yetu tunamfutia. Tukishamfundisha kuficha alivyohangaika, tunamshangaa hawezi kuieleza kazi yake.

Mengine nitayasema kwa kifupi. Rangi ya mafuta inaweza kukaa juu ya akriliki, ile rangi inayochanganywa na maji, ikishakauka. Akriliki juu ya mafuta itabanduka. Akriliki ikikauka hukoza kidogo, ijaribuni pembeni kwanza. Pindueni turubai juu chini muone kama uzito umelala upande mmoja. Rudini nyuma hatua kumi. Maelezo ya ukutani yawe mafupi, na jina la kazi lisimfumbie mtazamaji.

Kwa walimu nina ombi moja tu: chini ya kila turubai wekeni meza ndogo, daftari liwe wazi, wageni wafunue wenyewe.

Nawe binti wa ukuta wenye nyufa, kurasa zako niliziokota. Mbili zililoa, nimezianika. Zilizojikunja nimezilaza chini ya vitabu vizito na sasa zimenyooka. Nitakuja nazo asubuhi ya maonyesho, kabla milango haijafunguliwa. Nitafutie nafasi mezani.

Babu yenu