Barua kwa Mama Imani: theluji yenu na mvua yetu

Nkuhungu, Dodoma

Mpendwa Mama Imani,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Bibi mguu umepata nafuu, na kila tukitoka ibadani lazima aulize, "Yule mtoto wangu wa Kanada anasemaje?"

Video ya theluji imetazamwa humu ndani mpaka bando limekata. Imani anavyojitupa chali na kupunga mikono, mdogo wake alivyovalishwa hata magoti hayakunjiki, baba yao anasafisha njia kwa koleo huku nyuma yake inajaa upya! Wanangu kwanza walinyamaza kabisa, halafu maswali yakafumuka. Inauma? Ina ladha gani? Usiku nako inaanguka? Mwenzangu, unajua kazi yangu ni jiografia. Miaka yote nafundisha theluji kwa kuchora Kilimanjaro ubaoni na kuandika mita 5,895 pembeni, mkono wangu haujaigusa. Nilifurahi kuliko wao.

Lakini mwisho wa ujumbe umesema siku zilizofuata uliwafungia ndani kwa kuogopa kichomi. Hapo ndipo nikaona nisikujibu kwa voisi, nikae chini niandike.

Unaujua ukame wa hapa. Tangu Mei tulikuwa hatujaona tone. Ule upepo wa Agosti na Septemba ulituachia vumbi mpaka ndani ya kabati la vyombo, na maji ya bomba ni ya mgao. Mvua yetu ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, basi. Bibi alishamaliza kuberega, yaani kusafisha shamba bila kulima, kule Mvumi na kutia uwele kwenye udongo mkavu, akawa anatazama mawingu kila asubuhi.

Ikaja Jumamosi alasiri. Wingu lilijijenga upande wa Mlimwa, jeusi chini na jeupe juu, upepo ukageuka ghafla ukawa wa baridi, na harufu ya udongo ikatufikia kabla ya tone lolote. Kisha mawe! Bati lilipiga kelele hata tukawa tunaongea kwa ishara. Radi nazo zilikuwa karibu, na radi za Dodoma si za kuchezea, kwa hiyo nilisimama mlangoni nikawazuia wote mpaka ngurumo zikahamia mbali na mawe yakaacha kuanguka. Ilipobaki mvua yenyewe, nzito, iliyonyooka, nikawaambia watoke. Baba yao ndiye alikuwa wa kwanza kuvua viatu.

Ungewaona! Uwanja wetu ule wa vumbi ulikuwa umetapakaa mawe, mengi madogo, machache yakifika ukubwa wa gololi. Walikuwa wanayaokota na kuyatia kwenye sufuria, yanayeyuka, wanakimbilia mengine. Mdogo aliweka moja kwenye ulimi akafumba macho. Mkubwa akachagua jiwe lililozidi yote, Bibi akalishika kwa pindo la kanga, nami nikalipasua kwa kisu. Mama Imani, ndani mna pete! Pete nyeupe, halafu ya kioo, halafu nyeupe tena. Nikawaeleza palepale tukiwa tumelowa kwamba ndani ya wingu mna hewa inayopanda kwa nguvu, inalishikilia jiwe huko juu kwenye baridi, nalo linazidi kuvaa maji yanayoganda tabaka juu ya tabaka, mpaka linakuwa zito na hewa inashindwa kulibeba. Mwanangu akageuza kile kipande mkononi na kuhesabu pete mpaka kikaisha. Hakuna somo nililowahi kufundisha darasani likaingia namna ile.

Simtanki ilijaa ikamwaga. Tukapanga ndoo, mabeseni, hata lile sufuria kubwa la shughuli. Tulikuwa tumeacha kopo lililonyooka katikati ya uwanja, na mvua ilipokatika tukapima kwa rula, milimita 30. Milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lina kama mita 60 za mraba. Mkubwa akapiga hesabu kwa kijiti kwenye tope, akapata lita 1,800, akaangalia paa, akaangalia ndoo, akauliza nyingine zimeenda wapi. Nikamwonyesha maji mekundu yanayoshuka kuelekea korongoni. Huko sikuwaruhusu kusogea. Korongo linaweza kushuka na maji ya mvua iliyonyesha mbali hata kama kwetu kumekauka.

Bibi hakucheza. Alisimama nje, kanga imemgandia mwilini, ameinua uso. Baadaye akapiga simu Mvumi, akaambiwa huko nako imenyesha, na mawe hayakufika. Mjomba wa Mpunguzi naye zabibu zake zimepona. Alipokata simu aliomba chai ya tangawizi na kuanza kutaja majina ya mboga za mlenda zitakazoota. Kesho yake jioni kumbikumbi wakatoka, watoto wakawakamata kwenye taa na kula waliokaangwa mpaka nikaogopa matumbo. Hakuna aliyepata hata kikohozi.

Sasa rudi kwenye theluji yenu. Mafua na kichomi huletwa na vimelea, na vinapata nafasi nzuri zaidi watu wanapobanana chumba kimoja madirisha yamefungwa. Baridi yenu ni ya kuheshimu kweli, nyuzi 20 chini ya sifuri si kitu ambacho mimi na wewe tulilelewa nacho. Kwa hiyo wavishe nguo kadhaa juu kwa juu, funika masikio, glovu ikilowa ibadilishwe mara moja, na kila baada ya muda uwaingize ndani uwatazame vidole na pua. Jirani yako mwenye wanae hapo amekuambia hayo hayo, msikilize. Lakini watoke. Majira hayo hapo Winnipeg yanakula karibu nusu ya mwaka, na Imani hatakuwa na miaka sita tena.

Na wewe toka nao. Usikae dirishani na simu unawapiga picha.

Imani alilalamika theluji haishikani akitengeneza mpira. Mwambie si kosa la mikono yake. Baridi ikiwa kali sana theluji inakuwa kavu kama unga, haina unyevu wa kushikanisha. Asubiri siku ambayo joto limepanda karibu na sifuri, siku hiyo itafinyangika hata atengeneze mtu mwenye kofia. Jambo jingine, mkichukua kitambaa cheusi mkakiacha nje kipoe kwanza, theluji ikianguka juu yake mtaona chembe moja moja kabla hazijayeyuka. Nyingi zina pembe sita, kwa sababu molekuli za maji zikiganda hujipanga katika sita. Nimeichora hiyo ubaoni mara nyingi, nawe unaweza kuishika kwenye kitambaa!

Nina ombi. Jazeni ndoo theluji mpya, msiishindilie, mpime kimo chake kwa rula, muiingize ndani iyeyuke yenyewe, halafu mpime maji. Vitabu vinasema theluji ya sentimita 10 hutoa maji ya kama sentimita 1, lakini ikiwa kavu sana hutoa pungufu. Wangu tayari wamebishana. Mkubwa anasema ndoo itabaki nusu, mdogo anasema itakuwa imejaa vilevile. Nitumie kipimo chenu, Imani akiandike kwa mkono wake, nikipeleke darasani shule zikifunguliwa Januari.

Msalimie baba Imani, na umwambie koleo alitumie kwa kukunja magoti, asiumize mgongo. Bibi anakubariki.

Wako,
Mama Chiku