Mzee wa baiskeli, asante

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Jina sikukuuliza, aibu yangu. Nilikuwa dukani kwa vifaa vya ujenzi, Morogoro, nimekumbatia roli la wavu mwembamba wa kuku. Ukaniuliza, "Mwanangu, unazuia kuku asitoke au kicheche asiingie?" Nikakosa jibu. Juzi yake usiku kicheche alikuwa ameniulia kuku tisa, akala mmoja tu.

Ukanirudisha kaunta nikachukua wavu mgumu wa kuchomelea, matundu ya nusu inchi. Bei iliniuma, nakiri. Kisha ukaja mpaka nyumbani, ukashika sururu, na magoti yako yale! Tukaufukia wavu sentimita 30, chini tukaukunja kuelekea nje, maana mnyama huanza kuchimba pale pale kwenye ukingo. Juu tukatandaza wavu mwingine kwa ajili ya mwewe. Mlangoni ukapiga makomeo mawili.

Soda ulikunywa, hela ukakataa. Wiki iliyopita asubuhi nimekuta udongo umekwanguliwa nje ya wavu. Ndani kuku wote 14 wazima, wananidai pumba. Jogoo mwekundu sijamuuza. Ukipita tena Kihonda, ni wako.