Mgeni wa Pangani alale mjini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu wanaojiandaa kuzipeleka familia zao pwani katika msimu huu wa kipupwe, wakati joto limepungua, mvua za masika zimekwisha na watoto wako likizo. Sina ugomvi na wanaokwenda Zanzibar au Bagamoyo kama ilivyo desturi. Ninachotaka kusema ni kwamba miji yetu midogo ya pwani, na hapa nina maana hasa ya Pangani na Kilwa Kivinje, tunaipita tu hata pale tunapodai kuwa tumeitembelea, kwa sababu hatulali ndani yake.

Nianze na Pangani, ambayo ndiyo ninayoifahamu zaidi. Mji huu uko kwenye mlango wa mto wenye jina hilohilo, kilomita zipatazo 50 kusini mwa Tanga, lakini hoteli zinazotangazwa kwa jina lake nyingi ziko nje ya mji, baadhi ufukweni upande wa kaskazini na nyingine ng'ambo ya mto, Ushongo. Mgeni hushuka garini akiwa tayari ndani ya uzio, hula chakula ambacho mara nyingi viungo vyake vimenunuliwa Tanga mjini, huogelea, kisha hurudi alikotoka bila kumsalimu mtu yeyote wa Pangani isipokuwa mhudumu aliyemletea maji. Simlaumu mgeni huyo, kwani amekwenda kupumzika na hakuna aliyemwambia kuwa kuna mji.

Na mji upo. Sambamba na mto zimesimama nyumba za ghorofa zilizojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, chini duka na juu makazi, zenye roshani za mbao na milango ya nakshi. Ni katika mji huu ambapo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya kuwapinga Wajerumani kuanzia mwaka 1888, alinyongwa Desemba 1889. Ng'ambo ya mto ni Kikogwe, mahali palipoanzia kilimo cha mkonge baada ya mbegu yake kuletwa kutoka Florida mwaka 1893. Mtoto wa darasa la saba amekariri habari hizi kwa ajili ya mtihani, naye anaweza kuziona zote kwa kutembea kwa miguu asubuhi moja, mradi awe ameamkia mjini. Jioni inapoingia ndipo mji unapochangamka: wavuvi wanashusha samaki, wazee wanakaa barazani kwa kahawa chungu na kashata, na akina mama wanakaanga vitumbua na kuuza mihogo ya nazi. Saa hizo mgeni wa ufukweni yuko mezani kwake, kilomita kadhaa kutoka hapo.

Nyumba hizo, Ndugu Mhariri, zinaanguka. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba, maana boriti haitoshi kuvuka upana mkubwa. Ukuta wa namna hiyo unahitaji kupumua. Mwenye nyumba anapouziba ufa kwa saruji, jambo ambalo wengi hulifanya kwa nia njema na kwa sababu saruji ipo dukani, unyevu hunasa ndani, chokaa hulegea, na baada ya misimu michache ya mvua kipande kizima hudondoka. Fundi anayejua kuchoma na kuloweka chokaa yupo, ila gharama yake haimuwii rahisi mjane aliyerithi nyumba isiyomwingizia hata shilingi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, na yaliyojengwa baada ya hapo, ambayo ndiyo mengi katika miji hii, husubiri tamko rasmi la serikali. Hata tamko likitoka, halileti chokaa. Kinacholeta chokaa ni mpangaji, na mpangaji anayelipa vizuri zaidi kwa usiku mmoja ni msafiri.

Jambo hili si la kinadharia. Mikindani, karibu na Mtwara, boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 lilikuwa gofu hadi lilipokarabatiwa na kugeuzwa hoteli, na wageni wakaanza kulala katikati ya mji uleule ambao awali walikuwa wakiupita kwa gari. Lamu, ambayo mji wake wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, imezoea zamani kumlaza mgeni ndani ya nyumba ya mawe, asikie adhana ya alfajiri na kupishana na punda kichochoroni. Hata hivyo tusiige kila kitu, kwani katika kijiji cha Shela, hapohapo kisiwani Lamu, nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni kutoka ng'ambo na bei zimepaa hadi mwenyeji hazifikii. Nyumba ipangishwe, isiuzwe.

Kilwa nako hali ni hiyohiyo. Msafiri hulala Masoko, huvuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani kuona magofu ya Msikiti Mkuu na ya kasri la Husuni Kubwa, kisha hugeuza gari. Kivinje, iliyokuwa bandari kubwa ya misafara ya karne ya 19 na ambako Mwembe Kinyonga unakumbukwa kwa watu walionyongwa na Wajerumani, hupewa nusu saa, tena akibahatika.

Ninaisukuma hoja hii sasa kwa sababu ya daraja jipya la mto Pangani na barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo. Ninaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini miaka yote kusubiri kivuko kulimlazimisha msafiri kushuka, kunywa chai na kununua madafu, na daraja halimsubirishi mtu. Halmashauri iwasaidie wenye nyumba za kale kusajili vyumba viwili au vitatu vya wageni bila kuwatoza ada za hoteli kubwa, tena iweke vibao vinavyoeleza kila jengo ni la nini. Nasi wasafiri tuvae kanga na vikoi tunapopita mitaani, kwa kuwa vazi la kuogelea lina mahali pake.

Kwa atakayekwenda mwaka huu na kutaka kufika Maziwe, ambacho zamani kilikuwa kisiwa chenye miti na sasa ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka, namshauri achague siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kutoka kupita kiasi, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo. Siku hizo maji hutoka kabisa kwenye saa nne asubuhi, kabla upepo wa kusi haujapata nguvu na kuichafua bahari. Boti huondoka mapema, kwa hiyo aliyelala mjini atakuwa ameshakunywa chai yake na yuko tayari.

Wako msomaji,
Korogwe, Tanga