Salamu za Krismasi kwa Walimu Wapya, Kutoka Kilosa

Wanangu wahitimu, walimu wenzangu, na ninyi wazazi mliotoka Kigoma, Newala na Ngara mkiwa na vikapu na vigelegele vyenu: nawasalimu sana. Heri ya Krismasi kwa wanaoisherehekea. Kwa wasioisherehekea, pilau la siku hiyo haliulizi dini, pitieni mtaani mle. Mwaka Mpya nao ni wetu sote.

Salamu hizi zilitakiwa kutoka Novemba, wiki ileile ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Nikaona nisubiri kwanza majoho yarudishwe, maana mtu akiwa ndani ya joho hasikii vizuri.

Hapa Kilosa Desemba ni mwezi wa kungoja. Vuli inanyesha kwa kuibia, leo ipo, kesho kutwa haipo. Maembe dodo yameinamisha matawi mpaka ng'ombe wanafikia. Watoto waliomaliza darasa la saba wamepangiwa shule, na mama zao wanazunguka madukani na karatasi ya maelekezo ya kujiunga: sketi mbili, madaftari, ufagio wa nje, jembe na mpini wake. Nikishaona majembe mapya yanabebwa na watoto waliovaa kandambili, najua shule zinakaribia kufunguliwa. Mwaka wa mwalimu hauanzi tarehe 1 Januari. Unaanza siku kidato cha kwanza wanapoingia getini, sare zimewazidi kwa miaka miwili, na hakuna hata mmoja anayejua choo kiko wapi.

Mwaka huu nilialikwa Mlimani na kijana niliyemfundisha hesabu. Nilipanda treni ya SGR, ile ya reli mpya, safari ambayo enzi zetu basi lilikuwa linakula nusu siku na nauli ya chai njiani. Nilifika mapema, kijana akanipeleka kwenye hafla ya kuwapa zawadi wahitimu bora wa Shule Kuu ya Elimu. Yeye mwenyewe hakuwa kwenye orodha. Alikuja kuwapigia makofi wenzake, na mimi nikapewa kiti nyuma, jirani na mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuwa ameshika shada la maua ya plastiki kama anavyoshika kuku.

Majina yakaanza kusomwa. Chuoni hapo daraja la kwanza linaanzia GPA, yaani wastani wa alama, ya 4.4 kati ya 5, kwa hiyo walioitwa hawakuwa watu wa kubahatisha. Kila aliyesimama, ukumbi ulilipuka. Mimi nilipiga makofi kwa adabu tu. Nisiwafiche, moyoni nilikuwa nanung'unika. Nilikuwa najisemea: zawadi hizi ni za kusoma, za kufundisha hakuna aliyepata hata moja, watoto hawajawapima bado.

Nina sababu ya kunung'unika hivyo. Mwaka 1987 mimi pia nilisimamishwa mbele ya watu nikapewa zawadi ya hesabu, nikaenda kuanza kazi kwenye shule moja ya mkoani nikiwa nimevimba. Nilifundisha kidato cha kwanza kwa mwendo wa treni. Azimio la kazi lilikuwa safi, andalio la somo kila siku, ubao umegawanywa kwa rula. Agosti nikamaliza silabasi. Nikaenda ofisini kutangaza. Mwalimu mmoja wa stashahada, mzee wa makamo aliyekuwa akisahihisha madaftari huku anakula muhogo, aliniangalia juu ya miwani akasema, "Umemaliza wewe. Wao bado wako Februari."

Mtihani wa mwisho wa mwaka ukamthibitisha. Darasa la watoto arobaini na wawili, waliofaulu saba, wote wa dawati la mbele.

Miongoni mwa walioanguka kulikuwa na binti mmoja mkimya. Aliandika kwamba nusu ukijumlisha na theluthi unapata mbili ya tano. Amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Kila mwalimu wa hesabu ameliona kosa hilo mara elfu, na kila mwalimu huweka mkasi mwekundu akaendelea. Januari nilipowarudia, sijui nini kilinituma, nikamuuliza amepataje. Akajibu kwa sauti ya chini, "Mpira, mwalimu. Mechi ya kwanza tulipiga penalti mbili tukapata moja. Ya pili tukapiga tatu tukapata moja. Zote pamoja ni mbili kati ya tano."

Nikasimama na chaki mkononi. Alikuwa na haki. Kwa penalti, hesabu yake ni sahihi kabisa, hakuna refa atakayeipinga. Mimi mwenye zawadi ya hesabu sikuwa na jibu, nikasema tutaendelea kesho. Usiku ule nililala nikihesabu penalti.

Asubuhi niliingia na maembe mawili na kisu. Nikakata nusu ya embe la kwanza, nikampa. Nikakata theluthi ya embe la pili, nikamwongezea. Nikamuuliza: uliposhika nusu, nimekuongezea au nimekunyang'anya? Umeniongezea. Haya, mbili ya tano ni kubwa kuliko nusu au ndogo? Akapiga hesabu kwa vidole, akatabasamu. "Ndogo. Yaani nimeongezewa nikapungukiwa?" Darasa lote likacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Penalti zinahesabiwa kwa mipigo, na idadi ya mipigo inabadilika. Embe ni lilelile embe moja, ndiyo maana lazima vipande vilingane kwanza ndipo uvijumlishe. Siku hiyo ndiyo ninayoihesabu kuwa ya kwanza kufundisha. Ile zawadi ilinichelewesha mwaka mzima.

Hicho ndicho nilichotaka kuwaambia ninyi mliosimamishwa ukumbini. Shida ya mtu aliyefaulu siku zote ni kwamba njia ameipita usiku amelala ndani ya basi. Mashimo hayajui. Mwenzake aliyepata D, akarudia, akalia, akaelewa siku ya tatu, huyo anajua kila penye utelezi, na mtoto akiteleza anajua amshike wapi. Kwa hiyo kabla shule hazijafunguliwa, tafuta kitu kimoja kilichowahi kukushinda, kiwe kuogelea, kiwe Kiarabu, kiwe kusuka nywele, ukijifunze Desemba hii ukiwa mjinga wa mwisho kwenye kundi. Utaingia darasani na macho mengine.

Tena mtoto wa kidato cha kwanza wa Tanzania anateleza mara mbili. Miaka saba amejifunza kiasi na asili kwa Kiswahili, halafu Januari moja maneno yote yanahama, anaanza kufundishwa kwa Kiingereza. Kuna wanaoonekana wagumu wa hesabu kumbe hesabu wanaijua, walichokosa ni swali. Ukubwa wa jambo hili hauonekani kwenye GPA ya mtu yeyote.

Sasa nirudi ukumbini, kwa sababu manung'uniko yangu yalikatizwa vibaya. Liliitwa jina la binti mmoja, bora katika fani yake, na kijana wangu akaruka juu akipiga miluzi kama yuko uwanja wa Taifa. Nikamvuta shati nikamuuliza vipi. Akaniambia, "Mwalimu, huyu ndiye aliyetuvusha. Kila mtihani ukikaribia anafungua diskasheni kwenye madarasa ya Yombo hapa chuoni mpaka saa sita usiku. Mimi takwimu nilifeli mara mbili, ni yeye aliyekaa nami chini akaniuliza ninapotea wapi."

"Akaniuliza ninapotea wapi!" Nikainuka, na makofi niliyompigia binti yule yaliniuma viganja mpaka Ubungo. Mzee wa Kisukuma alidhani ni mwanangu, akanipa mkono wa pongezi, na mimi nikaupokea.

Baada ya hapo kila mtu akakimbilia Ukumbi wa Nkrumah kupiga picha. Tumbili wa Mlimani, ambao hawajawahi kukosa muhula na hawajatunukiwa chochote, walikuwa juu ya miti wakitazama mifuko ya vitafunwa. Niliwaambia vijana jambo ambalo wengi hawalikumbuki: kabla sarafu ya shilingi 500 haijaingia mwaka 2014, ukumbi ule tuliutembeza mifukoni, ulikuwa nyuma ya noti ya 500. Muuza karanga ambaye hajafika Mlimani hata siku moja alikuwa akirudisha chenji ya chuo kikuu. Wakacheka, wakanipiga picha nami.

Chuo chenyewe kilianza Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, na kitivo kimoja tu, cha sheria, kwenye jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba. Kilipanda Mlimani mwaka 1964. Walianza na mawakili, lakini nchi waliikabidhi kwa mtu aliyeacha chaki Pugu mwaka 1955, na mpaka leo cheo tunachomwitia ni Mwalimu. Baadaye uhaba wetu ulionekana wazi: shule za kata zilipochipuka kila mahali kuanzia 2004, madarasa yalikuwepo na watu wa kusimama mbele hawakuwepo. Vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya haraka haraka wakapelekwa. Mtaani wakaitwa voda fasta, jina ambalo wengine hawakustahili, maana walibeba shule mabegani peke yao. Mwaka 2005 vilifunguliwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu, DUCE pale Chang'ombe na Mkwawa kule Iringa. Wahitimu wa huko, salamu hizi ni zenu pia, msidhani nimewasahau kwa kuwa treni yangu iliishia Dar.

Kuhusu ajira sitawapamba maneno. Najua wengi wenu mtakula Krismasi hii mkiulizwa na mashangazi, "Umepangiwa wapi?" na jibu hamna. Kuna usaili wa kungoja, kuna waliohitimu kabla yenu bado wanafundisha twisheni barazani au wanaendesha bodaboda, na siku mshahara ukija Bodi ya Mikopo itachukua asilimia 15 yake kabla hujauzoea. Boomu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu chuoni, lilikuwa tamu, nalijua. Shangazi akiuliza, mwambie ukweli, kisha muombe mtoto wake wa darasa la sita ukae naye saa moja kila jioni. Kazi ya ualimu inaweza kuanza bila barua. Malipo ndiyo yanayongoja barua, na hilo ni la kudai, nami nadai pamoja nanyi.

Wala msiamini kwamba hamhitajiki. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Maana yake Januari 2028 mageti ya sekondari yatapokea kidato cha kwanza mara mbili kwa siku moja. Majembe mara mbili, sare kubwa mara mbili, akina penalti mara mbili. Anayepanga mipango huko juu na azihesabu siku vizuri.

Na ninyi wachache mtakaobakizwa chuoni kuwa wakufunzi wasaidizi kwa sababu ya GPA zenu, hongereni, sina kinyongo. Ombi langu ni dogo: wanafunzi wenu wakienda mazoezi ya kufundisha, nendeni kuwatembelea mpaka shule ile ya mwisho ambako gari haliingii, mkae dawati la nyuma kipindi kizima. Tuliowapokea wanafunzi hao miaka yote tunajua nani alikuwa akifika na nani alikuwa akisaini daftari la wageni huku injini inanguruma.

Mimi nipo, nimestaafu lakini kisu bado kinakata. Anayepita na treni kati ya sasa na Januari ateremke Kilosa, aulizie mwalimu wa hesabu, ataletwa. Dodo zipo za kutosha. Atakayekuja Aprili atakuta maembe yameisha, ila aje na daftari la mwanafunzi aliyemshinda, tutaketi naye barazani.